Antioksidanti na unene uliopitiliza: nadharia inakubali, majaribio kwa watu yanagoma. Kosa liko wapi?

#1 | Kapi la Juu

Wakuu, habari za muda huu.

Nataka tuchambue jambo hili kwa namba, tuachane na maneno ya matangazo.

Nadharia imekaa hivi. Mtu akinenepa kupita kiasi, seli za mafuta zinavimba hadi damu inashindwa kuzifikia vizuri. Zinakosa oksijeni, nyingine zinakufa, na makrofaji (seli za kinga zinazokula mabaki) zinakuja kuzizunguka. Mitokondria (vinu vya nishati vya seli) nazo zimelishwa kuliko zinavyoweza kuchoma, kwa hiyo elektroni zinavuja, zinadakwa na oksijeni, superoksidi inazaliwa. Hiyo ni mojawapo ya radikali, yaani molekuli za oksijeni zenye ukali, na antioksidanti kama vitamini C na E ndizo zinazotarajiwa kuzizima. Kimeng'enya cha NADPH oksidesi kinaongeza nyingine. Zikizidi, zinaamsha vimeng'enya vya JNK na IKK, na hivi vinabandika fosfati pasipotakiwa kwenye IRS-1, ile protini inayopokea ujumbe kutoka kwenye kipokezi cha insulini. Ujumbe unakatikia hapo, na huo ndio usugu wa insulini. Mwaka 2006 Houstis na wenzake walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba ukizipunguza radikali hizi ndani ya seli za mafuta zilizofanywa sugu, usugu unashuka, na panya wanene nao wakapata nafuu ya sukari.

Sasa njoo kwa binadamu. Jaribio la WACS lilikuwa na wanawake zaidi ya 8,000: vitamini C 500 mg kila siku, vitamini E 600 IU (yuniti za kimataifa) na beta-karotini 50 mg siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa wastani wa miaka 9 hivi. Kisukari cha aina ya 2 hakikupungua. SU.VI.MAX ya Ufaransa ilitumia dozi ndogo ndogo (C 120 mg, E 30 mg, beta-karotini 6 mg, seleniamu mikrogramu 100, zinki 20 mg), na sukari ya asubuhi kabla ya kula haikusogea.

Kosa ni la nadharia au la vidonge?

#2 | Dozi Kamili

La vidonge. Nadharia haina shida.

Angalia vitamini C. Ukiongeza dozi, kiwango kwenye damu kinapanda haraka hadi karibu 400 mg kwa siku, kisha kinagota kwenye mikromoli 70 hadi 80 kwa lita. Zaidi ya hapo utumbo unapokea kidogo na figo zinamwaga. Ukipita gramu 1, chini ya nusu ndiyo inafyonzwa, inayobaki inavuta maji tumboni na mtu anaharisha. Kwa hiyo kidonge cha 1,000 mg hakikupi mara kumi ya kile cha 100.

La pili ni kasi. Kimeng'enya cha SOD kinaikamata superoksidi kwa kasi ya karibu mara elfu kumi ya vitamini C. Unampeleka mtembea kwa miguu kushindana na treni.

La tatu ni mahali. Vitamini E inakaa kwenye utando wa seli na kwenye chembe za mafuta ya damu. Superoksidi inazaliwa ndani ya mitokondria. Hawakutani.

#3 | Jicho la Tai

Dozi Kamili, kama vidonge havifiki, mbona vinaharibu?

Mwaka 2009 Ristow na wenzake huko Ujerumani waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki 4. Nusu walipewa vitamini C 1,000 mg na E 400 IU kila siku. Wasiotumia vidonge, usikivu wao wa insulini ulipanda kama mazoezi yanavyofanya siku zote. Waliotumia, haukupanda. Hata vimeng'enya vya ulinzi vya mwili wenyewe, SOD na glutathioni peroksidesi, viligoma kuongezeka. Yaani radikali za mazoezi ndizo zilizokuwa zinaupigia mwili kengele ujenge ulinzi wake, na kidonge kikaizima kengele.

Hizo dozi zipo kwenye chupa za kawaida kabisa. Zinafika, ila zinafika pasipotakiwa.

#4 | Bi Maabara

Jicho la Tai, marekebisho mawili.

Kwanza, wale walikuwa vijana wenye afya, hawakuwa wanene wala wenye usugu. Kuwahamishia matokeo yao watu wenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 35 ni kuruka mto bila daraja. Seli ya kijana mwembamba ina radikali za kiasi, na kiasi hicho ndicho ujumbe wenyewe. Seli iliyovimba ina mafuriko.

Pili, matokeo hayakurudiwa na kila aliyejaribu. Yfanti na kundi lake huko Copenhagen mwaka 2011 walitumia C 500 mg na E 400 IU, wiki 12 za mazoezi mara tano kwa wiki, na kipimo kilekile cha klempu ya insulini (kudunga insulini na sukari mshipani ili kuona usikivu). Usikivu ulipanda sawasawa kwa makundi yote mawili.

Na kwa Dozi Kamili: hesabu yako ya kasi ni ya molekuli moja kwa moja. Ndani ya seli vitamini C ipo kwa milimoli na SOD kwa mikromoli, kwa hiyo pengo linapungua sana. Hoja yako inasimama vizuri zaidi kwa peroksidi ya hidrojeni, maana vitamini C haiigusi kwa lolote la maana. Ile inaondolewa na katalesi, peroksiredoksini na glutathioni peroksidesi. Hakuna kidonge cha vitamini kinachoingia kwenye foleni hiyo.

#5 | Dozi Kamili

Nimekubali la milimoli. Asante Bi Maabara.

#6 | Jicho la Tai

Nami nakubali kwamba hawakuwa wanene. Lakini hoja ya ujumbe haisimami kwenye mazoezi peke yake.

Insulini yenyewe, ikishika kipokezi chake, inazalisha peroksidi kidogo kupitia kimeng'enya cha NOX4. Peroksidi hiyo inakwenda kukifunga kwa muda kimeng'enya kinachoitwa PTP1B, ambacho kazi yake ni kuuzima ujumbe wa insulini. Inaoksidisha sisteini moja tu iliyo katikati yake, na baadaye inarudi ilivyokuwa. Breki imeachiliwa, ujumbe unapita. Ukifuta peroksidi yote, breki inabaki imekanyagwa.

Ushahidi wa panya upo wa pande mbili. Mwaka 2004 McClung na wenzake waliwapa panya glutathioni peroksidesi ya ziada, yaani ulinzi mwingi kuliko kawaida. Panya wakanenepa, sukari na insulini vikapanda. Mwaka 2009 Loh na wenzake wakafanya kinyume: waliifuta jeni ya kimeng'enya hicho, wakawalisha mafuta mengi, na panya wakakingwa na usugu wa insulini. Hayo yaeleze kwa nadharia ya mafuriko.

#7 | Mchele Mmoja

Jicho la Tai na Dozi Kamili mmekuwa mawakili wawili wa mteja mmoja. Mmoja anasema mteja hakuwepo eneo la tukio, mwingine anasema alikuwepo na akavunja vyombo. Chagueni!

#8 | Ini Kwanza

Wakuu, mmerukia sukari mkaliacha ini, na kwenye ini ndipo kidonge kimoja kilipofanya kazi kweli.

Jaribio la PIVENS, 2010: watu wazima 247 wenye ini lenye mafuta na uvimbe lililothibitishwa kwa kuchukua kinyama (kipande kidogo cha ini cha kupima), wasio na kisukari, kwa wiki 96. Kundi moja vitamini E 800 IU kwa siku, la pili pioglitazoni (dawa ya kisukari) 30 mg, la tatu plasebo (kidonge bandia). Waliopata nafuu ya kuonekana kwenye darubini: asilimia 43 kwa vitamini E, 34 kwa pioglitazoni, 19 kwa plasebo. Mafuta yalipungua, uvimbe ulipungua, seli za ini zilizotuna zilipungua. Makovu hayakupungua kwa kiwango cha kutosha kuhesabika.

Sasa sikilizeni hili, maana linagusa swali la mleta uzi moja kwa moja. Vitamini E ililiponya ini kiasi hicho bila kuugusa usugu wa insulini. Pioglitazoni iliushusha usugu, na ikawaongezea watu karibu kilo 5. Kwa hiyo madhara ya oksidishaji kwenye ini na usugu wa insulini kwenye misuli ni vitu viwili vinavyotembea pamoja bila kuwa kitu kimoja. Unaweza kukata kimoja, kingine kikabaki palepale.

Ndiyo maana naona swali "antioksidanti zinasaidia afya ya kimetaboli?" limekaa vibaya. Zinasaidia kiungo gani, kwa nani, kwa kipimo kipi?

#9 | Kapi la Juu

Ini Kwanza, hapo umenifungua macho. Ila kwa nini basi kwa watoto haikukubali?

#10 | Ini Kwanza

TONIC, 2011. Watoto na vijana 173 wa miaka 8 hadi 17, vitamini E 800 IU, wiki 96. Kipimo kikuu kilikuwa ALT (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia) kushuka na kubaki chini, na hapo vitamini E haikuishinda plasebo. Lakini kwenye kinyama cha ini, waliopona ule uvimbe walikuwa wengi zaidi upande wa vitamini E, asilimia 58 dhidi ya 28. Ni kipimo kilichochaguliwa kuwa kikuu ndicho kilichoangusha. ALT inapanda na kushuka yenyewe. Haikuambii hali ya ini kama kinyama kinavyokuambia.

#11 | Mgeni Njoo

Samahani kwa swali dogo. Chupa nyingine zimeandikwa "dl-alpha tokoferoli 400 IU", nyingine "d-alpha". Ni kitu kimoja?

#12 | Fundi Lishe

Si swali dogo hata kidogo. Watu wengi wanakosea hapo.

Herufi d- peke yake ni ya asili, dl- ni ya kiwandani. Ya kiwandani ni mchanganyiko wa maumbo 8 ya molekuli moja, na protini ya ini inayoisambaza vitamini E mwilini inayatambua nusu tu. Kwa hiyo:

IU 1 ya d- = 0.67 mg
IU 1 ya dl- = 0.45 mg

400 IU ya asili inakupa 268 mg, ya kiwandani 180 mg. PIVENS walitumia ya asili, kwa hiyo 800 IU yao ni karibu 536 mg. Mtu akinunua dl- 800 IU akadhani anafuata PIVENS, anapata 360 mg, theluthi mbili ya dozi. Ikiandikwa asetati au suksineti mwishoni usiogope, huo ni mkia wa kuilinda isioksidike chupani, na utumbo unaukata.

Imezwe pamoja na mlo wenye mafuta. Ukiimeza na maji matupu asubuhi, nyingi inapita tu.

Mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni 15 mg kwa siku. Kiwango cha juu kabisa cha Marekani ni 1,000 mg, cha Ulaya ni 300 mg. Yaani dozi ya ini inaruhusiwa upande mmoja na imepita mpaka upande mwingine.

#13 | Bi Maabara

Naongezea onyo kabla mtu hajakimbilia duka la dawa.

SELECT: wanaume 35,533, vitamini E 400 IU. Mwaka 2011 ilionekana saratani ya tezi dume imeongezeka kwa asilimia 17 kwa waliopewa E peke yake. Uchambuzi wa majaribio ya kiharusi wa 2010 ulikuta kiharusi cha kuziba mshipa kimepungua kwa asilimia 10 na cha kuvuja damu kimepanda kwa asilimia 22. Anayetumia warfarini akiongeza vitamini E ya dozi kubwa, damu inaweza kuwa nyepesi kuliko daktari alivyopanga. Na PIVENS haikuhusisha wenye kisukari wala wenye ini lililokwisha kusinyaa. Vitamini E ya 800 IU ni dawa. Inahitaji mtu wa kufuatilia.

#14 | Dozi Kamili

Na beta-karotini kwa wavuta sigara msiisahau. ATBC huko Finland, wavutaji wa kiume 29,133, 20 mg kwa siku: saratani ya mapafu ilipanda kwa asilimia 18. CARET ya Marekani ikasimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo. Mnene anayevuta asiguse.

#15 | Jicho la Tai

Tuko pamoja hapo. Turudi kwenye usugu.

#16 | Bi Maabara

Kabla ya kurudi, niwaulize: mnapimaje? Nusu ya ubishi wa uzi huu uko kwenye maabara.

Tafiti nyingi ndogo zinazosema "antioksidanti zimeboresha hali" zinapima uwezo wa jumla wa kuzuia oksidishaji kwenye plazima. Kwa njia ya FRAP, zaidi ya nusu ya namba hiyo inatoka kwa asidi ya yuriki. Mtu mnene ana asidi ya yuriki nyingi, ileile inayoleta jongo. Kwa hiyo anaweza kuonekana ana ulinzi mzuri kuliko mwembamba! Namba imepanda na mtu hajapata nafuu yoyote.

Nyingine zinapima MDA (mabaki ya mafuta yaliyooksidishwa) kwa njia ya TBARS. Unachemsha sampuli karibu nyuzi 95 na asidi ya thiobabituriki, rangi ya waridi inatokea, unaisoma kwenye nanomita 532. Tatizo ni kwamba kuchemsha kwenyewe kunatengeneza MDA mpya kutoka kwenye mafuta yaliyomo, na sukari na bilirubini vinaingilia rangi. Mtu mwenye trigliseridi (mafuta ya damu) za juu anatoa rangi kali hata kama hana msongo mkubwa. Anayepima hivyo bila kuweka BHT (kizuia oksidishaji) kwenye bomba na bila kugandisha sampuli kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri anapima uzembe wa maabara.

Kipimo cha kuaminika ni isoprosteni za F2 (mabaki ya mafuta yaliyoshambuliwa na radikali) kwa spektrometa ya masi. Ndizo zinazopanda kwa wanene, na zinashuka mtu akipungua uzito, bila kidonge chochote.

#17 | Kapi la Juu

Na HOMA-IR, ile namba ya kukadiria usugu wa insulini?

#18 | Bi Maabara

Insulini ya asubuhi (mikroyuniti kwa mililita) mara sukari ya asubuhi (milimoli kwa lita), gawa kwa 22.5. Insulini 18, sukari 5.6: 18 × 5.6 = 100.8, gawa kwa 22.5 unapata 4.5. Ukipata sukari kwa miligramu kwa desilita, gawa kwa 405.

Inafaa kwa kundi. Kwa mtu mmoja inayumba kutoka siku hadi siku kwa sababu insulini inatoka kwenye kongosho kwa mapigo, haitiririki. Damu ikikaa kwenye bomba na seli nyekundu zikipasuka, insulini inaliwa na namba inashuka. Halafu maabara mbili zinaweza kutoa insulini tofauti kwa damu ileile. Kutoka 4.5 hadi 3.9 baada ya mwezi wa vidonge si habari.

#19 | Mchele Mmoja

Bi Maabara umetupokonya silaha zote mezani. Tumebaki na mikono mitupu.

#20 | Fundi Lishe

Mimi nina maelezo ya tatu, tofauti na "hakifiki" na "kinazima kengele". Majaribio makubwa yalichukua watu walioshiba vitamini. Kumwongezea maji aliyeshiba maji kutaleta nini?

Mtu mnene mara nyingi ana upungufu hata kama anakula sana. Karotenoidi (jamii ya beta-karotini) zinapenda mafuta, kwa hiyo zinajificha kwenye tishu ya mafuta na damu inabaki nazo chache. Vitamini C nayo, mwili mkubwa unahitaji zaidi kufikia kiwango kilekile cha damu: hesabu iliyopendekezwa ni kama 10 mg za ziada kwa siku kwa kila kilo 10 juu ya kilo 60. Mwenye kilo 120 anahitaji karibu 60 mg zaidi. Hiyo ni ziada ndogo ambayo matunda yanaimaliza, gramu nzima haihitajiki.

Halafu kuna waliosahaulika:

Anayetumia orlistati. Dawa hiyo inazuia mafuta kufyonzwa, na vitamini A, D, E, K na beta-karotini zinatoka nayo. Multivitamini imezwe angalau saa 2 kabla au baada, au wakati wa kulala. Ukizimeza pamoja umezitupa.

Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, hasa ule wa kuruka sehemu ya utumbo. Huyu seleniamu, zinki, shaba na vitamini E zinaweza kushuka kweli. Na akipewa zinki peke yake kwa wingi, zinki inaifungia shaba mlango. Miezi baadaye anapata ganzi miguuni na upungufu wa damu ambao madini ya chuma hayautibu. Kwa kila 1 mg ya shaba, zinki iwe 8 hadi 15 mg.

Kwa watu hawa kidonge kina kazi. Kwa aliyeshiba, sioni.

#21 | Jicho la Tai

Fundi Lishe, hoja nzuri, ila seleniamu inakugeuka. Jaribio la NPC la Marekani, mikrogramu 200 kwa siku: uchambuzi wa 2007 ulikuta kisukari kimeongezeka kwa karibu asilimia 55 kwa waliopewa, na waliokuwa na seleniamu nyingi tangu mwanzo ndio walioumia zaidi. Na seleniamu ndiyo inayojenga glutathioni peroksidesi, kimeng'enya kilekile kilichowanenepesha panya wa #6. Duara limefunga.

#22 | Fundi Lishe

Haijanigeuka, imenisaidia. Umesema mwenyewe: walioumia zaidi walikuwa wameshiba tangu mwanzo. Na SELECT, iliyotumia mikrogramu 200 hizohizo kwa watu wengi zaidi, haikuthibitisha ongezeko la kisukari kwa uhakika wa kitakwimu. Duara lako lina pengo.

Ila dozi nakubaliana nawe iheshimiwe. Ulaya mwaka 2023 walishusha kiwango cha juu hadi mikrogramu 255 kwa siku, chakula kikiwemo. Kucha zikianza kuvunjika, nywele kunyonyoka na pumzi kunuka kitunguu saumu, mtu amezidisha.

#23 | Dozi Kamili

Mbona hakuna aliyeitaja asidi ya alfa-lipoiki? Hiyo inaingia hadi mitokondria, inayeyuka kwenye maji na kwenye mafuta. Hoja yangu ya "mahali" haiigusi. Na inapunguza uzito.

#24 | Ini Kwanza

Inapunguza, lakini taja kiasi. Uchambuzi wa pamoja wa 2017 ulipata kilo 1.27 zaidi ya plasebo. Jaribio kubwa la Korea la 2011 lilitumia 1,800 mg kwa siku kwa wiki 20 ili kupata mabadiliko ya kuhesabika. Kwa mwenye kilo 110, kilo moja na robo ni karibu asilimia 1. Mabadiliko ya maana kwa sukari yanaanza kwenye asilimia 5, na kwa ini lenye uvimbe asilimia 7 hadi 10.

Kwa matumizi: tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula, maana chakula kinapunguza ufyonzwaji. Kichefuchefu na kiungulia vinaongezeka ukipita 1,200 mg.

Na kuna hatari moja adimu ambayo anayeiuza hataitaja. Lipoiki ina salfa inayoweza kuamsha kingamwili dhidi ya insulini ya mtu mwenyewe, ugonjwa wa Hirata. Kingamwili zinaishika insulini baada ya mlo, kisha zinaiachia saa chache baadaye wakati chakula kimekwisha, na sukari inaporomoka hadi mtu anazimia. Wenye jeni za HLA-DRB1*04:06, wengi Japani, na *04:03 kwa Wazungu, ndio walio hatarini. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula iliandika juu ya jambo hili mwaka 2021. Mtu anayetumia lipoiki akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa saa tatu nne baada ya kula, aiache siku hiyohiyo na apimwe insulini na kingamwili zake.

#25 | Mgeni Njoo

Na resveratroli, ile ya zabibu nyekundu? Inasifiwa mno.

#26 | Bi Maabara

Majaribio mawili, yote kwa wanaume wanene. Timmers 2011, Uholanzi: watu 11, 150 mg kwa siku, siku 30, HOMA ikashuka. Poulsen 2013, Denmark: watu 24, 1,500 mg kwa siku, wiki 4, hakuna kilichobadilika. Dozi mara kumi, matokeo sifuri. Utumbo na ini vinaigeuza karibu yote kuwa salfeti na glukuronidi kabla haijafika kwenye mzunguko, na inayobaki huru haifiki asilimia 1.

#27 | Jicho la Tai

Au 150 ilikuwa kengele na 1,500 ikawa kelele.

#28 | Bi Maabara

Au watu 11 ni wachache.

#29 | Ini Kwanza

Mwisho wa orodha ya hatari za ini: dondoo la chai ya kijani lenye EGCG (antioksidanti kuu ya chai hiyo) ya 800 mg au zaidi kwa siku linapandisha vimeng'enya vya ini, Ulaya walisema hivyo 2018. Hapa nazungumzia vidonge. Chai ya kikombe ni jambo jingine. Manjano yenye piperini nayo: piperini 20 mg ilipandisha kurukumini (kiini cha manjano) kwenye damu mara 20 kwenye jaribio la 1998, na matukio ya homa ya ini yamekuwa yakiandikwa. Piperini hiyohiyo inazuia CYP3A4, kimeng'enya kinachovunja dawa, kwa hiyo dawa nyingine za mtu nazo zinapanda bila yeye kujua. Anayetumia simvastatini (dawa ya kolesteroli) asikilize hapo.

#30 | Mchele Mmoja

Nje ya mada kidogo: acheni kuziita "viondoa sumu". Neno hilo ndilo linalouza chupa. Radikali si sumu iliyoingia kutoka nje, ni zao la kupumua.

#31 | Fundi Lishe

Naunga mkono kwa mikono miwili. Ukimwambia mtu "sumu" atataka yote itoke. Ukimwambia "ujumbe uliozidi" atauliza kiasi gani.

#32 | Kapi la Juu

Basi hadi sasa nina maelezo manne: havifiki, vinazima ujumbe, vilipewa walioshiba, na vipimo vilikuwa vibovu. Na la tano ambalo Bi Maabara amelipitia haraka kwenye #16: isoprosteni zinashuka uzito ukishuka. Kama ni hivyo, radikali zinaweza kuwa moshi tu, na moto ni mafuta yaliyojaa kwenye ini na misuli. Jaribio la DPP la 2002 lilipunguza kisukari kwa asilimia 58 kwa lengo la kupunguza uzito asilimia 7 na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hakuna antioksidanti.

Jicho la Tai, panya wako wanakubaliana na moshi?

#33 | Jicho la Tai

Hawakubaliani. Moshi haufungi PTP1B. Na panya wa Houstis hawakupunguzwa mafuta, walipunguzwa radikali, wakapata nafuu. Moshi haungefanya hivyo.

#34 | Dozi Kamili

Na dawa waliyopewa wale panya ni MnTBAP, inayoiga SOD, si vitamini. Narudi palepale: molekuli ikifika mahali pake, inafanya kazi.

#35 | Kapi la Juu

Haya. La vitendo: mtu ameamua kujaribu kidonge kimoja pamoja na daktari wake. Ajipimeje asijidanganye?

#36 | Bi Maabara

Kitu kimoja kwa wakati mmoja, wiki 12, uzito na mazoezi vikiwa vilevile, la sivyo hatajua nini kilifanya nini. Mwanzo na mwisho: sukari na insulini za asubuhi baada ya saa 8 hadi 10 bila kula, maabara ileile, siku mbili tofauti kila mara, achukue wastani. HbA1c (wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3), ALT na AST (vimeng'enya vya ini), trigliseridi. Mzunguko wa kiuno upimwe mahali palepale, mwisho wa kutoa pumzi.

Kwa vitamini C kuna mtego. Baadhi ya vihisi vya sukari vinavyobandikwa mkononi vinaoksidisha vitamini C pamoja na sukari. Ukipita 500 mg kwa siku vinaonyesha sukari ya juu ambayo haipo. Mtu anayejidunga insulini akiiamini namba hiyo ataongeza dozi na kuanguka.

#37 | Mgeni Njoo

Vijiti vya mkojo je?

#38 | Bi Maabara

Kinyume chake. Vitamini C nyingi kwenye mkojo inakula peroksidi inayotakiwa kubadilisha rangi ya kijiti, kwa hiyo sukari ipo na kijiti kinasema hakuna. Damu pia kinaweza kuificha. Kwa hiyo asubuhi moja, kidonge kimoja: mkono unasema juu, mkojo unasema sifuri. Apimwe damu ya mshipani kwa njia ya heksokinesi, hiyo vitamini C haiibabaishi.